"Mpya, HD, Imetafsiriwa": bango la duka la muvi linasema nini hasa

Ukipita maduka ya kuingizia muvi kwenye flashi, iwe Chikongola pale Mtwara mjini, stendi ya Masasi au mjini Lindi, mabango yanaimba wimbo mmoja: MPYA, HD, IMETAFSIRIWA. Malipo ya minada ya korosho yakishaanza kuingia, televisheni zinatoka kwenye maboksi, flashi zinapelekwa dukani, na ugomvi unaanza. Kesho yake mteja amerudi: "Mjomba, TV yangu ni 4K, mbona muvi yako ina ukungu?" Mjomba anajibu kwamba labda TV ndiyo feki. Mara nyingi hakuna anayedanganya hapo. Wote wanatumia maneno yaleyale, kila mmoja na maana yake.

"Mpya" linajibu swali la lini: muvi imetoka tarehe ngapi. "HD" linajibu swali la wingi: picha ina vitone vingapi. "Imetafsiriwa" linajibu swali la sauti. Lakini swali kubwa kuliko yote matatu halimo kwenye bango: kopi hii ilichukuliwa wapi? Ukilijua hilo, mengine yanajipanga yenyewe.

Muvi moja, siku nyingi za kuzaliwa

Muvi kubwa ya Marekani haitoki mara moja. Kwanza inaingia kwenye majumba ya sinema. Baadaye inauzwa au kukodishwa kwa njia ya intaneti. Kisha inatoka kwenye diski ya Blu-ray, na mwishowe inafika kwenye huduma za kulipia kwa mwezi na kwenye chaneli za ving'amuzi. Kati ya hatua moja na nyingine kuna kusubiri, na hapo katikati ndipo uongo mwingi unapozaliwa.

Chukua Oppenheimer. Iliingia sinema Marekani tarehe 21 Julai 2023, na ya kuangalia nyumbani ikatoka 21 Novemba mwaka huohuo. Miezi minne kamili. Barbie iliingia sinema siku ileile, ila yenyewe ilianza kuuzwa kwa intaneti tarehe 12 Septemba. Kwa hiyo hakuna kanuni moja. Kabla ya 2020 majumba ya sinema ya Marekani yalizoea kukaa na muvi peke yao kwa siku 90 hivi. Baada ya korona siku 45 zikawa jambo la kawaida, na nyingine zinatoka hata kabla ya wiki tatu kuisha.

Sasa fikiria aliyeiona Oppenheimer kwenye flashi Agosti 2023 ikiwa imeandikwa HD. Kopi safi ya kuuzwa ilikuwa bado haijatoka. Alichouziwa ni picha ya ukuta wa sinema, iliyopigwa na mtu aliyekaa kwenye kiti na kamera.

Muvi zilizotengenezwa na Netflix na wenzake ni habari nyingine. Nyingi zinaanzia kwenye intaneti, kwa hiyo siku ya kwanza tu kopi yake ni safi. Ndiyo maana kwenye flashi moja unaweza kukuta muvi ya juzi inang'aa na ya mwezi uliopita ina ukungu. Swali la kwanza dukani si "Ni mpya?" bali "Hii imeanzia sinema au imeanzia kwenye intaneti?"

Herufi zilizojificha kwenye jina la faili

Mwambie muuzaji akuonyeshe jina lote la faili, asikuonyeshe picha ya bango peke yake. Ukikuta CAM, ni kamera ndani ya sinema. TS ni ndugu yake: picha bado ni ya kamera, ila sauti kwa kawaida imechukuliwa moja kwa moja kutoka kwenye mitambo, kwa hiyo unasikia vizuri na kuona vibaya. WEB-DL au WEBRip imetoka kwenye huduma ya intaneti. Hiyo ni safi. BluRay imetoka kwenye diski. Hiyo ndiyo bora.

Mtego wenyewe uko kwenye HDCAM na HDTS. Muuzaji anasoma herufi mbili za mwanzo, mteja naye anazisoma hizohizo, biashara imekwisha. HD hapo inasifia kamera ya yule aliyekaa kwenye kiti. Ukuta aliokuwa anaupiga picha haukugeuka kuwa HD kwa sababu ya kamera yake.

Jina linaweza kubadilishwa, picha haijifichi. Kopi ya kamera ina kingo zilizokatwa, imelala upande kidogo, na sehemu za giza zina rangi ya majivu. Utasikia watu wakicheka au wakikohoa. Siku hizi nyingi zinapitisha tangazo la kubeti katikati ya picha. Ukiliona hilo, mjadala umefungwa.

Kwa upande wa sheria, kunakili na kuuza kazi ya mtu bila ruhusa yake ni kosa chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini, ndiyo inayosimamia. Hilo linahusu pia muvi za Bongo, ambazo wenyewe wako hapahapa nchini na wanaumia zaidi.

Vitone, na tui lililoongezwa maji

Picha ya televisheni imesukwa kama mkeka. Miyaa ikiwa minene, ua unaloweka katikati linatoka na pembe pembe. Ikiwa myembamba na mingi, ua linatoka laini. Vitone ndiyo miyaa yenyewe. VCD, zile zilizokuwa zinakuja diski mbili kwa muvi moja, zilikuwa na vitone 352 kwa 288, yaani kama laki moja. DVD ina 720 kwa 576, zaidi kidogo ya laki nne. HD ya 720p inafika laki tisa na ushee. HD kamili, ile ya 1080p, ina 1920 kwa 1080, zaidi ya milioni mbili. 4K ina 3840 kwa 2160, zaidi ya milioni nane.

Televisheni nyingi za inchi 32 zinazouzwa na maandishi ya HD zina vitone 1366 kwa 768. Ni kama milioni moja tu. Ukiweka muvi ya 1080p, TV inaipunguza kwanza ndipo inaionyesha. Kulipia faili la 4K kwa ajili ya TV ya namna hiyo ni kumwaga pesa, na kwa inchi 32 hata 720p nzuri inatosha kabisa.

Lakini vitone peke yake havisemi kitu. Hapa ndipo wengi wanapotegwa.

Ukikuna nazi moja ukakamua tui zito, linaweza kujaa kikombe. Ukitaka lijaze sufuria, unaongeza maji. Sufuria inajaa, nazi inabaki moja. Kuna programu zinazochukua muvi ya vitone laki nne na kuikuza hadi milioni mbili. Faili litasema 1080p, na kweli vitone vimo, ila ni maji. TV ya 4K nayo inafanya kazi hiyohiyo kila unapoiwekea kitu kidogo: inakuza. Haiwezi kuumba sura ya mtu ambayo kamera haikuiona. Kadiri kioo kinavyokuwa kikubwa, ndivyo maji yanavyoonekana. Mteja wa inchi 43 analalamika kuliko mwenye inchi 24 hata kama wamechukua kopi moja, na wote wana haki.

Nazi yenyewe inapimwa kwa ukubwa wa faili ukilinganisha na dakika za muvi. Fungua taarifa za faili kwenye simu au kompyuta, chukua MB, gawanya kwa dakika. Muvi ya dakika 120 yenye 700MB inakupa kama MB 6 kwa dakika. Hiyo hata ikiitwa 1080p, ni tui la tatu. Kwa ufungaji wa kawaida unaoitwa H.264, 720p inayoridhisha inataka MB 15 hadi 20 kwa dakika, na 1080p nzuri inakaribia 35, yaani GB 4 na kitu kwa saa mbili. Kuna ufungaji mpya zaidi, H.265, jina lake jingine HEVC, unaoweza kutoa picha ileile kwa karibu nusu ya ukubwa huo.

Zile DVD za "muvi 20 kwa 1" pima mwenyewe. DVD ya kawaida inabeba GB 4.7. Gawa kwa 20, kila muvi imepata MB 235. Kwa muvi ya dakika 100 ni MB 2 na nusu hivi kwa dakika. Jalada linaweza kuandika chochote linachotaka.

Kwa nini kubana kunaharibu? Video haihifadhi kila picha nzima. Inafanya kama mtangazaji wa mpira redioni: hakuambii kila sekunde kwamba magoli yako palepale na nyasi ni za kijani, anakuambia mpira umehamia wapi. Faili linahifadhi kilichobadilika. Watu wawili wakikaa mezani wanaongea, kinachobadilika ni kidogo, na hata kopi mbovu inapendeza. Ikija mvua, moshi, mawimbi au umati unaokimbia, kila kitu kinabadilika kwa pamoja, mtangazaji anaishiwa pumzi, na picha inakatika vipande vya mraba. Ukitaka kujaribu muvi dukani, usiangalie mwanzo. Sogeza mbele hadi kwenye maji au vita ya usiku. Sekunde 20 zinatosha.

Flashi imekubali, TV imekataa

Malalamiko ya upande huu yana sura nne tano tu, na kila moja ina sababu yake.

Faili kubwa linagoma kuingia hata kama flashi ina nafasi: flashi imepangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalozidi GB 4. Dawa ni kuipanga upya kwa exFAT au NTFS, baada ya kuhamisha vilivyomo kwa sababu vyote vinafutika. Angalizo: TV na ving'amuzi vya zamani vingi havisomi exFAT. NTFS ina bahati zaidi kwenye TV, ila kabla ya kumaliza, jaribu na faili moja.

TV inasema haiwezi kufungua, au sauti inatoka na kioo kiko cheusi: mara nyingi ni ile H.265 kwenye TV isiyoijua. Omba kopi ya H.264, au cheza kwa kompyuta yenye programu ya VLC na upeleke picha kwa waya wa HDMI. Kuhusu waya huo, usikubali kuuziwa wa bei kubwa eti "unaongeza HD". Kwa urefu wa mita moja au mbili, ama unapitisha picha ama haupitishi.

Picha ipo, sauti hakuna: mara nyingi sauti imefungwa kwa mfumo wa DTS. Samsung waliacha kuisoma kwenye TV zao za kuanzia 2018, na bidhaa nyingine nyingi za bei nafuu hazina. TV haijaharibika, usiipeleke kwa fundi. Omba kopi yenye sauti ya AAC.

Maandishi ya tafsiri hayatokei: lile faili dogo la .srt lazima liwe folda moja na muvi, na jina lake lifanane na la muvi herufi kwa herufi.

Muvi zinacheza nusu kisha zinakufa, na kila unapoongeza mpya za zamani zinaharibika: flashi ni feki. Imeandikwa 64GB, ndani ina 8 au 16, na ikijaa inaandika juu ya vilivyotangulia. Ijaze yote, kisha fungua faili la mwanzo na la mwisho. Mwenye kompyuta ya Windows atumie programu ya H2testw, ambayo inasema ukweli bila kupepesa macho.

Imetafsiriwa na nani, juu ya kopi ipi

Neno hili linabeba vitu vitatu. Kuna maandishi chini ya picha. Kuna kutia sauti kikamilifu, kila mhusika na sauti yake, kama tamthilia za Kituruki za Azam TV. Na kuna ile tunayoipenda zaidi huku, msimuliaji mmoja anayeshusha sauti ya muvi na kuieleza kwa maneno yake, sanaa iliyopewa jina kubwa na Lufufu tangu enzi za mikanda. Hiyo ya mwisho si tafsiri kwa maana ya shule. Ni simulizi, na msimuliaji mzuri anaibeba hata muvi mbovu.

Ubora wa picha ni shauri jingine. Ili sauti ya msimuliaji iingie, video kwa kawaida hufungwa upya, na kila kufungwa upya kunapunguza kitu. Ni fotokopi ya fotokopi. Kama alianza na kopi ya kamera kwa kuwahi soko, hapo umepata fotokopi ya karatasi iliyokuwa na ukungu tangu mwanzo. Kwa hiyo muvi iliyoanzia sinema, ikiwa kwenye wiki yake ya kwanza, haiwezi kuwa mpya, HD na imetafsiriwa kwa pamoja. Mawili kati ya hayo ni mapatano. Yote matatu ni bango. Anayependa simulizi asubiri toleo la pili: wasimuliaji wengine huirudia kazi kopi safi ikitoka.

Kwenye gemu, diski ni ufunguo

Huku mambo yanageuka. Zamani, kwenye PlayStation 2 (PS2), gemu lilikuwa lote ndani ya diski: unaweka, unacheza. Kuanzia PS4 gemu linahamia kwanza kwenye hifadhi ya ndani ya mashine, na diski inabaki kazi yake kuthibitisha kwamba wewe ndiye mwenyewe. Ndiyo maana ukiazima diski ukasakinisha gemu, ukairudisha, gemu linabaki na kufuli. Nafasi nayo inaliwa haraka. PS4 ya GB 500 inajazwa na magemu makubwa manane tisa.

Diski pia haina gemu lililokamilika siku zote. Wakati inachapwa kiwandani, watengenezaji bado wanarekebisha makosa, na marekebisho hayo yanakuja kwa intaneti siku ya kutoka. Kwa mtu wa Newala au Liwale anayetegemea bando la simu, GB kadhaa za marekebisho si mchezo. Diski nyingi zinacheza bila marekebisho hayo, ila baadhi zina pengo kubwa. Nintendo Switch 2, iliyotoka Juni 2025, imekwenda mbali zaidi: baadhi ya kadi zake hazina gemu ndani kabisa, zina ruhusa tu ya kulipakua. Kwenye boksi huandikwa. Lisome kabla ya kulipa.

Hata hivyo, kwa mazingira yetu diski inashinda kupakua. Gemu la GB 80 kwa bando ni hesabu ya kuumiza kichwa, na diski ukiichoka unaiuza au unabadilishana na jirani. Ukinunua PS5, hakikisha ni ile yenye mdomo wa diski. Itapokea za PS4 karibu zote. Za PS3 na PS2 haitazipokea.

Halafu kuna haya ya "FIFA 26" na "PES 2026" yaliyojaa kwenye mabanda ya gemu. Magemu yenye majina hayo hayajatengenezwa. EA, kampuni iliyokuwa inatengeneza gemu la FIFA, na FIFA wenyewe waliachana. FIFA 23 ilikuwa ya mwisho kwao, na kuanzia Septemba 2023 gemu linaitwa EA Sports FC: FC 24, FC 25, FC 26. Nalo PES liliisha na toleo la 2021, watengenezaji wake, Konami, wakaligeuza kuwa eFootball, la kupakua bure. Kwenye mashine za zamani mwisho ulifika mapema zaidi: PS2 ilipata FIFA 14 ikawa ndiyo kwaheri, PS3 ikaishia FIFA 19.

Vivyo hivyo "GTA 6" ya PS3 au ya simu. Ilipotangazwa Desemba 2023 ilitajwa kwa ajili ya PS5 na Xbox Series X na S tu. Kinachouzwa kwa jina hilo kwenye mashine za zamani ni San Andreas ya 2004 au GTA V ya 2013 iliyopakwa rangi.

Sasa kile kinachochezwa bandani ni nini? Ni gemu la zamani ambalo watundu wamelifungua wakabadilisha jezi, majina ya wachezaji na picha ya mwanzo, hata jezi za Simba na Yanga zimo. Kazi nyingine ni nzuri, na mwenye PS3 anayetaka kucheza na vikosi vya leo hana njia nyingine. Tatizo ni kuuziwa kwa jina na bei ya gemu jipya. Mashine inayokubali diski hizo nayo imefunguliwa kufuli, na ikigundulika mtandaoni inafungiwa. Usiinunue ukiwa na ndoto za kucheza na mtu wa Dar.

Kulitambua gemu la namna hii ni kazi ya dakika tano. Anza mechi ya Barcelona kwenye hiyo "FIFA 26" ya PS3, mpe mpira Lamine Yamal, kisha sikiliza. Jina limeandikwa juu ya kichwa chake, jezi ni ya msimu huu, anapiga chenga, anafunga. Kwa kawaida mtangazaji hamtaji. Sauti hizo zilirekodiwa kwa ajili ya FIFA 19, gemu lililotoka Septemba 2018, na wakati huo Yamal alikuwa na miaka 11.